Kiboko na Kifaru Walivyojifunza Kuanguka

Hapo kale, wanangu, enzi ambazo ukungu ulikuwa ukilala na wanyama mpaka jua lipande, kiangazi kilibakiza kisima kimoja tu chenye maji. Kiboko alikitaka kiwe chake peke yake. Kifaru naye vilevile. Bi Pimbi, mdogo wa kubebwa kwenye kikapu, alikuwa na watoto wenye kiu, basi.

Ikaamuliwa kisima kishindaniwe kwa mieleka. Desturi yao ilikuwa hivi: ngoma ikinyamaza, aliye chini ameshindwa, na anayebaki amesimama ndani ya duara ndiye mwenye kisima. Na mpiga ngoma, aliyekaa humo humo ndani ya duara, mwamjua? Bi Pimbi.

Usiku wa kuamkia mieleka akamwendea Kiboko.

"Mjomba, mwaka jana ulimwangusha Nyati mara moja tu, pu! Nani alikuimbia?"

"Hakuna," Kiboko akasema, na jambo hilo lilimuuma. "Walikwenda zao kula."

"Lakini mieleka ya Ngiri na Digidigi inaimbwa mpaka leo. Digidigi alianguka, akalala, watu wakamlilia, ndipo akainuka akashinda. Mieleka ni hadithi, mjomba. Usipoanguka, nani atafurahi ukiinuka?"

"Kwa hiyo nianguke?"

"Anguka, ulale. Sikiliza wanavyokulilia. Ukishiba, inuka umalize."

Kiboko akabaki anatabasamu peke yake. Bi Pimbi akaenda kwa Kifaru, akamwambia hayo hayo.

Asubuhi ngoma ikalia, ti-ti-ndu, ti-ti-ndu. Wakashikana. Kifaru hata hajasukumwa, akaanguka, puu! Kiboko akaona anaibiwa hadithi yake. Naye akajibwaga kando yake, puu!

"Jamani, maskini," akina mama Swala wakaanza kulia.

"Inuka wewe," Kifaru akanong'ona.

"Mimi bado naliliwa," Kiboko akajibu, macho kafumba. "Inuka wewe."

Bi Pimbi akaipunguza ngoma. Ndu... ndu... kama anayembembeleza mtoto. Ukungu ukawafunika. Kilio kikaenda mbali, kikawa wimbo. Kifaru akaota amebebwa mabegani. Kiboko akaota kisima kinamwita kwa jina. Khoroo, khoroo.

Ngoma ikanyamaza.

Wote wakatazama ndani ya duara. Aliyesimama alikuwa mmoja tu, na vijiti vya ngoma mkononi.

"Wanangu," Bi Pimbi akaita polepole, asiwaamshe wajomba, "njooni mnywe."

Hadithi yangu imejilaza hapo, nanyi msijilaze nayo: utamu wa kuliliwa usikusahaulishe kuinuka.