Wembe na Kisogo Chake

Kinyozi hajinyoi, na akijinyoa hujikata. Methali hii imetumiwa sana na watu wenye raha kuwasuta watu wenye kazi: mganga akiugua huchekwa, fundi paa akivujiwa na mvua hunyooshewa kidole. Lakini waliotunga methali hii hawakumtukana kinyozi, wala hawakusema kwamba hajui kunyoa. Walisema tu kuwa mkono wa mtu, hata uwe hodari namna gani, una mahali usipofika, na jicho lake lina mahali lisipoona. Kisogo cha mtu ni mali ya wenzake. Asiyeamini na asikilize yaliyompata Wembe.

Wembe mwenyewe hakuwa kinyozi. Kinyozi alikuwa mdogo wake. Wawili hao waligawana chumba cha mbele cha nyumba ya mama yao kwa ukuta wa mbao nyembamba. Upande wa kushoto palikuwa na viti viwili vya kunyolea, vioo, na mashine zilizovuma kama nyuki. Upande wa kulia palikuwa na kompyuta, printa yenye kikohozi, na mashine ya kujalidi. Huko kulia ndiko wanafunzi wa chuo kikuu walikoleta tasnifu zao zikiwa mafuta matupu, wakaondoka nazo zikiwa na mifupa na misuli. Kalamu nyekundu ya dada huyu haikujua huruma, ndiyo maana wakambandika jina la Wembe.

"Sentensi hii ina mimba ya mapacha," alimwambia siku moja mtu mzima mwenye mvi. "Izalishe, zipatikane mbili. Na huyu 'kwa hakika' anafanya kazi gani hapa? Mshahara anakula, kazi hafanyi. Mfukuze!"

Wateja wa kinyozi waliokuwa wakingoja zamu walisikia yote kupitia mbaoni na kuangua vicheko. Wenye tasnifu walinuna, wakatii, wakafaulu, wakavaa majoho. Wengi wao walipokutana naye barabarani wakiwa wameshaitwa madaktari, ghafla walikumbuka kutazama saa zao. Fadhila za punda ni mateke, na punda wenye majoho hupiga kwa ustadi zaidi.

Naye Wembe alikuwa na tasnifu yake. Ilikaa chini ya meza, ndani ya boksi lililowahi kubeba sabuni, na kifuniko kilikuwa kimeshindwa kufunga. Ilihusu mgomo wa wanawake waliofua nguo za hospitali kuu, mgomo uliotokea yeye akiwa bado anabebwa mgongoni. Wanawake wale walifua mashuka ya damu na usaha kwa mikono mitupu, katika dawa iliyowachubua hadi kwenye viwiko. Waliomba glavu. Wakaambiwa wavumilie. Waliomba tena, wakaambiwa wana kiburi. Asubuhi moja wakaweka mashuka chini, wakakaa juu yake, na hospitali nzima ikakosa pa kulaza mgonjwa. Glavu ambazo miaka yote hazikuwepo zilipatikana kabla ya wiki kwisha! Lakini kitabu pekee kilichoandikwa kuhusu hospitali hiyo, kitabu kilichogharimiwa na wakubwa wake wenyewe, kilisema kwa mstari mmoja kwamba "wanawake wachache wavivu walichochewa na wahuni."

Mmoja wa wavivu hao alikuwa mama yake Wembe. Alikuwa hai bado, ulimi mkali, mikono ina makovu kama ramani.

"Sanamu sitaki," alizoea kusema. "Nataka kitabu chetu kikae kwenye rafu ile ile waliyokalia wao. Kiwatazame usoni."

Taabu ni kwamba tasnifu haikukubali kwisha. Wembe akikaa apunguze aya moja, huinuka ameongeza tatu. Msimamizi wake alikuwa amestaafu moyoni kabla ya kustaafu kazini, alifuga kuku, na kila sura aliyopelekewa aliijibu kwa maneno mawili: "Vizuri, endelea." Basi akaendelea, akaendelea, hadi mwaka wa nane chuo kilipomwonya: akabidhi kazi mwisho wa mwezi ujao, tena isizidi kurasa zilizowekwa, la sivyo jina lake litafutwa. Kurasa zake zilikuwa mara mbili ya hizo.

"Mpelekee mtu akusaidie kukata," mama alimshauri.

"Nani, mama? Wote hawa mimi ndiye niliyewafundisha kukata."

"Yule wa mabano je?"

"Huyo usinitajie. Nitapandwa na presha bure."

Mabano alikuwa rafiki wa zamani, bingwa wa kuficha sentensi ndani ya sentensi. Wembe alimkatia sura nzima ya tatu. Mabano akamwita mchawi, wakarushiana maneno mpaka wateja wa kinyozi wakatoka na povu mashavuni kuja kutazama. Mabano alifaulu, akaajiriwa hapo hapo chuoni. Katika ukurasa wa shukrani aliwataja wazazi, walimu, hata paka wake, kisha akamalizia: "(na wengineo)." Wembe alijua kuwa wengineo ni yeye. Na hata hapo alikuwa kafungiwa ndani ya mabano!

Wakati huo kinyozi naye alikuwa na mashaka yake. Jumapili iliyokuwa inakuja alikuwa amealikwa kwa mara ya kwanza nyumbani kwa wazazi wa mchumba wake, na kichwa chake kilikuwa kichaka. Kinyozi wa karibu alikuwa ng'ambo ya barabara, lakini walikuwa hawajasalimiana tangu walipogombania mteja mmoja mwenye kichwa kikubwa.

"Nimpe shingo yangu yule, na wembe anao yeye?" alisema. "Thubutu!"

Ijumaa asubuhi akasimama kati ya vioo viwili, kimoja mbele, kimoja nyuma, akawasha mashine. Kioo kikasema kushoto, mkono ukaenda kulia. Alipozima mashine, kisogoni palikuwa pamepita barabara pana, tena yenye kona.

Wembe alicheka mpaka akashika ukuta. "Jamani! Wakwe watadhani umepitiwa na trekta!"

"Cheka, dada, cheka tu," kinyozi alisema, akipapasa kisogo kwa uchungu. "Changu ni nywele, wiki mbili zitaota. Lile boksi chini ya meza yako limeota nini miaka minane?"

Kicheko kilikatika kama uzi. Mama, aliyekuwa amesimama mlangoni na kikombe chake cha chai, aliwatazama mmoja baada ya mwingine.

"Kumbe nimezaa vinyozi wawili," alisema. "Na wote wawili mna kiburi cha baba yenu."

Kinyozi alijikohoza. "Tupatane, dada. Mimi nikivuka barabara, wewe unakwenda kwa Mabano."

"Huwezi kuvuka wewe."

Kinyozi akavua aproni, akavuka. Wembe alimwona akisimama mbele ya mlango wa adui yake, akainamisha kichwa bila kusema neno. Fundi wa ng'ambo alikizunguka kisogo kile polepole, kama mtu anayekagua ajali. Kisha akavuta kiti, akakipangusa vumbi kwa taulo safi. Vicheko vya wawili hao vilisikika hadi huku.

Deni halina budi kulipwa. Wembe alilibeba boksi begani, akaenda chuoni. Mabano alipomwona mlangoni pa ofisi yake, alisimama wima.

"Wembe! Umekuja kunigombeza?"

"Nimekuja kunyolewa."

Mabano alikodoa macho, kisha akafungua mtoto wa meza, akatoa kalamu nyekundu iliyotafunwa nyuma. "Hii uliiacha ndani ya sura yangu ya tatu, kama mkuki. Nimeitunza nikiiombea siku kama ya leo."

"Usiniue, lakini."

"Uliniua wewe. Nikafufuka daktari."

Siku chache baadaye alilirudisha boksi mwenyewe. Wembe alilipokea kwa mikono miwili, kwa kuwa alijua kilichokuwa ndani: sauti za wanawake wale, mmoja mmoja, alizozikusanya kwa kuwafuata majumbani. Kama Mabano amewakata, basi wamenyamazishwa mara ya pili, na safari hii na binti yao. Alifunua ukurasa wa kwanza, wa pili, wa kumi. Wekundu mtupu. Sura ya kwanza yote imefutwa. Ya pili yote imefutwa.

"Umechinja nadharia yangu!" alipiga kelele. "Unajua nilisoma vitabu vingapi kuandika hizi sura?"

"Najua. Nami nilikuuliza swali hilo hilo. Ukanijibu kwamba usomaji wangu si mzigo wa msomaji."

Upande wa pili wa mbao mashine zilizimwa zote. "Hapo kakupata, dada!" mteja mmoja alipaza sauti.

"Nyoeni nywele zenu huko!" Wembe alifoka.

"Nisikilize," Mabano alisema kwa upole. "Sijamgusa mama hata mmoja. Lakini wewe umewaalika wafua nguo nyumbani kwako, halafu umewaambia wasubiri uani mpaka mabwana wasomi wamalize kula sebuleni. Kurasa mia mbili mabwana wanakula! Kitabu cha wakubwa kiliwaweka kwenye mstari mmoja. Chako kimewaweka nyuma ya nyumba. Kipi afadhali?"

Wembe alizifunua tena zile kurasa nyekundu. Yeye aliyeona unyoya kwenye tasnifu ya kila mtu hakuwa ameliona gogo hili.

"Sasa inaanzaje?" mama aliuliza kutoka mlangoni. "Nisomee."

Mabano akasoma: "'Asubuhi ile wanawake waliweka mashuka chini, wakakaa juu yake.'"

Mama aliipapasa mikono yake. "Basi," alisema. "Hivyo ndivyo ilivyoanza. Sasa mwanangu kaandika."

Nadharia ikapunguzwa ikawa kurasa chache, ikawekwa mwishoni, na tasnifu ikakabidhiwa kabla ya siku ya mwisho. Siku ya utetezi, mama alikaa safu ya mbele kabisa, kwenye kiti kilichobandikwa "Wageni Waheshimiwa", na aliyejaribu kumhamisha aliangaliwa mara moja tu. Kinyozi alikaa nyuma yake na mchumba wake, kisogo chake kimenyooshwa kama kwa rula.

Mtahini wa nje, mwenye miwani iliyoning'inia puani, alikuna kidevu. "Kwa desturi tunaanza na nadharia. Wewe nadharia umeiweka nyuma ya ushahidi. Kwa nini?"

"Nilikuwa nimeitanguliza," Wembe alijibu. "Nikanyolewa."

Ukumbi ulicheka, mtahini naye akacheka, na baada ya maswali mengine yaliyomtoa jasho, watahini walitoka, wakarudi, wakamwita daktari. Mama alipiga kigelegele kilichowafanya maprofesa waruke vitini.

Siku ya kujalidi nakala ya maktaba, Mabano aliomba heshima hiyo. Alishika mashine kama anayeshika nyoka. Jalada likaanza kwenda upande, na mkono wa Wembe ukaruka kurekebisha. Mama akaupiga kofi.

"Tulia! Bado unanyolewa."

Jalada lilitoka limepinda kidogo, na Wembe hakulibadilisha. Ukurasa wa shukrani ulikuwa na majina ya wanawake wale wote, waliokufa na walio hai, kisha la rafiki yake, limeandikwa waziwazi, bila mabano. Huko maktabani, mkutubi alikiweka kitabu kwenye rafu, bega kwa bega na kile cha wakubwa. Mama alikigusa kwa mikono yake yenye makovu.

"Haya," alikiambia kile cha zamani. "Sema tena kwamba tulikuwa wavivu."

Walipotoka nje, Wembe alikuwa akicheka na kulia kwa pamoja, mkono mmoja kashikwa na mama, wa pili kashikwa na mtu aliyewahi kumwita mchawi. Mkono uliowanyoosha mamia haukutosha kumnyoosha yeye mmoja, na hilo halikuwa aibu yake. Aibu ingekuwa kubaki na kichaka kwa kuogopa kuinamisha kichwa. Kwani hata awe bingwa wa mabingwa, kinyozi hajinyoi.