Mama Pimbi na Parachichi la Kwanza

Ngano hii nilisimuliwa na wifi yangu Tusekile, tukipepeta maharage. Sogeeni watoto, na wakubwa pia.

Paukwa!

Pakawa!

Masikio yapo?

Yapo, mwaga!

Zamani sana, Mama Pimbi alipanda miparachichi kilimani. Akaitilia samadi, akaipalilia, akangoja. Miaka ikapita. Ikazaa kwa mara ya kwanza. Hakuwa na kingine cha kulishia wanawe.

Puu! Fisi mnunuzi akatua matenga.

"Haya, akina mama, chumeni leo! Parachichi haliivi mtini. Huvunwa gumu."

Jirani Ngedere akaparamia miti yake. Chwa! Chwa! Akamaliza yote.

"Na wewe shoga," Ngedere akamcheka Mama Pimbi, "unaogopa nini? Au miguu mifupi?"

Moyo wa Mama Pimbi, pa-pa-pa. "Magumu ni magumu. Lakini yamekomaa?"

"Nikiondoka, huenda nisirudi," akasema Fisi.

Mama Pimbi akachuma moja tu, akaliweka ndani. "Hili likilainika, nitavuna."

Fisi akacheka, akabeba ya Ngedere, akaenda zake.

Kukachwa, kukapambazuka. "Mama, limelainika?"

"Bado."

Kukachwa, kukapambazuka. "Mama, limelainika?"

"Bado, wanangu." Moyo, pa-pa-pa.

Parachichi halikulainika. Likanyauka, likajikunja kama sikio la ajuza. Mama Pimbi akalia. Parachichi bovu, na mnunuzi kaondoka!

Mara Fisi huyo, amefura. Akamwaga mzigo mlangoni kwa Ngedere. Dundu! Dundu! Yakadunda.

"Mipira hii! Wateja wamenirudishia yote. Kilimani sikanyagi tena!"

"Ngoja, baba," Mama Pimbi akasema. "Yangu bado yako mtini. Nililochuma limenyauka. Mwezi ukiandama nitajaribu jingine. Likilainika, nikuite?"

Fisi akamtazama. Akatazama mipira. "Niite."

Mwezi ukaandama. Akachuma jingine. Kukachwa, kukapambazuka. Watoto waliogopa hata kuuliza. Asubuhi moja akalibonyeza taratibu. Nyororo!

Fisi akaja, akaonja, akalamba vidole. Matenga yakajaa. Watoto wakala wakashiba. Ngedere alikaa kwenye mti mtupu, akitazama.

Basi sikilizeni: kuwa gumu si kukomaa. Jaribu moja kabla hujavuna yote, hata kama mnunuzi anakuharakisha na moyo unakudunda.

Ngano yangu naifunga hapo. Mwenye yake afungue.

Mimi, asubuhi baada ya wifi kunisimulia, nilichuma parachichi moja shambani kwetu, nikaliweka juu ya kabati. Kisha nikampigia simu mnunuzi aliyekuwa akinihimiza nivune, nikamwambia asije kwanza.