Kisahani cha Mji Mdogo

Waliosema mcheza kwao hutuzwa walikuwa wakizungumzia ngoma: ukicheza mbele ya watu wanaokujua, hata ukikosea hatua watakutuza. Sidhani kama waliwahi kufikiria besiboli. Hata hivyo methali yao ilipata ushahidi mwaka 1991, katika kibanda cha ushonaji huko Nyakabanda, Kigali, na shahidi mwenyewe alikuwa kisahani cha chai.

Kibanda kilikuwa cha Athanasie na mdogo wake Bigirimana, urithi wa baba yao. Cherehani zao mbili zilitazamana, lakini msimu mzima wa mvua wenyewe hawakutazamana. Bigirimana alitaka wahamie Kacyiru, kwenye wizara na balozi. Athanasie hakutaka hata kulisikia jambo hilo.

“Dada, kule iko watu ya masuti,” Bigirimana alisema. “Hapa tunashona nini? Viraka tu!”

“Hapa wananijua, Bigi. Kule nani atanijua?”

Walichopatana kilikuwa kimoja tu: besiboli. Mwalimu Mmarekani aliyewahi kupanga chumba cha uani aliwaachia mchezo wa mezani wenye timu za zamani za kwao. Kila mchezaji alikuwa na kadi yake, na dadu ziliamua kama mpira umepigwa au umekoswa. Kila timu ilikuwa na mji wake, na ukubwa wa mji ndio ulioleta watazamaji. Watazamaji hao walikuwa vifungo vya mashati. New York ikicheza nyumbani, mwenyewe alichota vifungo konzi tele. Cincinnati iliambulia vya kushikwa kwa vidole viwili. Vifungo ndivyo vilivyotumika kununua wachezaji.

Ila palikuwa na kanuni nyingine, ambayo wenye miji mikubwa huisahau upesi. Kila mji ulikuwa na kisahani cha mapenzi. Ukicheza nyumbani bila kuuza mchezaji wako, kifungo kimoja huingia humo. Ukiuza hata mmoja, kisahani kinamwagwa. Na kikijaa, siku ya kucheza kwako unaruhusiwa kurusha dadu upya, mara moja tu.

Basi walipochoka kununiana, Bigirimana alipendekeza msimu mmoja uamue. Yeye achukue New York, dada yake Cincinnati, na neno la mshindi wa fainali lifuatwe.

“Fainali tuchezee kwako Cincinnati,” aliongeza kwa majivuno, “usije ukalia.”

Athanasie alikubali, na papo hapo akajuta. Atacheza kamari na kibanda cha baba?

Kila Jumapili baada ya misa walicheza, na majirani wakajazana mlangoni. Bigirimana alinunua na kuuza wachezaji kama mchuuzi wa sokoni Gitega, kisahani chake kikabaki kitupu. Athanasie hakuuza mtu. Lakini habari za kuhama zilikuwa zimekwisha kuenea, na nani atampa kitambaa fundi anayeondoka? Wateja waliadimika, cherehani zikashika vumbi. Hata Mama Sangwa, muuza maharage wa jirani, alikuja kutazama mchezo tu, na furushi lake kwapani.

Siku ya fainali Bigirimana alikikumbuka kisahani cha dada yake. Akasukuma mbele kifuniko kilichojaa vifungo, akagusa kadi ya mpigaji mkongwe wa Cincinnati.

“Niuzie huyu mzee wa mkono wa kushoto.”

“Oya,” Athanasie alikataa. “Huyu ni wa hapa.”

Ikafika zamu ya mwisho. New York ilikuwa mbele kwa pointi moja. Athanasie alikuwa na mkimbiaji mmoja kituoni, na mpigaji aliyebaki alikuwa mzee yule yule. Akirusha vibaya, watahama. Alirusha dadu: mpira umekoswa!

Bigirimana akaruka juu. Athanasie akaanza kukusanya kadi zake.

“Athanasie, kisahani!” Mama Sangwa alipaza sauti. “Kisahani iko imejaa!”

Kweli, kilikuwa kimejaa pomoni. Athanasie akakimwaga mezani, akafumba macho, akarusha tena. Mpira ukavuka uzio, mkimbiaji na mzee wakarudi nyumbani kwa pointi mbili, na Cincinnati ikashinda.

Majirani waliingia ndani wakamkumbatia, kana kwamba mpira umeangukia Nyakabanda. Athanasie alilia kwa furaha wala hakujificha. Bigirimana alishusha pumzi ndefu, kisha akaanza kucheka.

“Dada, Mungu ashukuriwe! Juzi nilienda Kacyiru kuona chumba. Nilisimama asubuhi yote, hakuna mutu hata mumoja alinisalimia. Niliogopa, lakini haya ilinizuia kusema.”

“Na mimi nilikuwa ninangojea nijue kama munahama,” Mama Sangwa alisema. Akafungua furushi lake, akatandaza juu ya kadi kitenge cha harusi ya bintiye. “Wengine vitambaa vyao iko nyumbani. Ngoja niwaite.”

Kabla jua halijatua, meza haikuonekana tena kwa vitambaa. Bigirimana mwenyewe alichukua futi ya kupimia, Jumapili au si Jumapili, akamwomba binti wa Mama Sangwa, aliyeitwa pamoja na wengine, asimame wima. Athanasie akapangusa vumbi kwenye cherehani zote mbili, moyo wake ukiwa mwepesi kwa mara ya kwanza tangu mvua zianze.

Ama kweli, mcheza kwao hutuzwa.