Breki ya Bwana Kuwabara, Mafuta ya Bwana Geng

Hapo zamani, ila si zamani ya majini, ni zamani ambayo magari yalikuwepo tayari na watu walishaanza kugombana kwa ajili yake, palikuwa na fundi wa magari wa Kijapani, jina lake Bwana Kuwabara. Kwao magari yalishajaa, hata pa kuegesha baiskeli hapakuwepo. Akavuka bahari mpaka Uchina, kwenye mji mmoja wa kando ya mto, akaomba kujenga kiwanda.

Mji ule ulikuwa na sheria yake. Mgeni hajengi peke yake. Anayetaka kujenga ashikane mkono na mwenyeji, wawe wabia, nusu kwa nusu. Mwenyeji akapatikana. Aliitwa Bwana Geng, mwenye uwanja mkubwa alikokuwa akilishia mabata, na mwenye haraka kuliko mabata yote.

Wakagawana. Kiwanda nusu kwa nusu. Wafanyakazi nusu kwa nusu. Birika la chai nusu kwa nusu, huyu anakunywa mpaka kwenye alama na yule anakunywa kuanzia kwenye alama. Bwana Kuwabara alipenda kusimama. Akisikia mlio mdogo tu, anapiga filimbi, kiwanda kizima kinasimama mpaka mlio ujulikane umetoka wapi. Bwana Geng alipenda kwenda. Yeye alisema mlio ukiachwa huondoka wenyewe, kama mgeni asiyepewa chai.

Sasa watu hawa walizungumzaje, na huyu hajui Kichina na yule hajui Kijapani? Alikuwepo mpishi wa kiwanda, Mama Luo. Usichana wake aliumalizia Japani akipara samaki, akarudi na lugha. Basi akapewa kazi ya kutafsiri, juu ya ile ya sufuria, na wala hakuna aliyemwuliza kama anaziweza zote mbili.

Wiki ya kwanza Bwana Kuwabara alitazama mlango wa gari uliofungwa na vijana wa Bwana Geng, akasema kwa Kijapani, "Mlango huu ulifungwa na mtu anayekimbizwa na nyuki."

Mama Luo akamgeukia Bwana Geng. "Anasema mlango ni mzuri sana. Tukiulegeza kidogo hapa chini utapendeza zaidi."

Bwana Geng akajibu kwa Kichina kwamba kama mzee anapenda polepole namna hiyo, akafuge konokono.

Mama Luo akamgeukia Bwana Kuwabara. "Anasema asante, ataulegeza."

Mlango ukalegezwa. Ikawa hivyo kwa mlango, ikawa hivyo kwa viti, ikawa hivyo kwa taa. Huyu anatukana, Mama Luo anapokea tusi, analimenya kama kitunguu, anampa yule kilichobaki. Kila mmoja akienda nyumbani anamwambia mkewe kwamba mbia aliyempata ni mpole kupita kiasi. Na gari likaendelea kujengwa.

Ugomvi uliomshinda hata Mama Luo ulikuwa wa usukani. Kwao Bwana Kuwabara, kama kwetu, usukani huwa kulia. Kwao Bwana Geng usukani huwa kushoto. Huyu kulia, yule kushoto. Mwisho wakafanya walivyozoea, nusu kwa nusu. Wakaweka sukani mbili, moja kila upande, zimeunganishwa kwa chuma kimoja, ukizungusha huu na ule unazunguka. Breki wakaiweka kulia kwa Bwana Kuwabara, kwa sababu anapenda kusimama. Mafuta wakayaweka kushoto kwa Bwana Geng, kwa sababu anapenda kwenda. Katikati pakabaki kijikalio cha Mama Luo, maana bila yeye kulia hakujui kushoto kunasema nini.

Wakadhani wamemaliza. Lakini mji ule ulikuwa na desturi moja ya tangu mababu, kwamba cha kwanza hakigawanywi. Mkate wa kwanza wa tanuri jipya huliwa na mtu mmoja. Samaki wa kwanza wa wavu mpya hupewa mtu mmoja. Gari la kwanza la kiwanda kipya ni la mtu mmoja, yule aliyelistahili, na anayeamua ni Mkuu wa Mji.

Mkuu wa Mji alikuwa mwanamke asiyependa maneno mengi. Akasema mama yake mzazi, Bibi Shao, anakaa mbali juu ya mto, na siku ya karamu ya mavuno hakuna anayechovya kijiko kabla Bibi hajaketi. Basi wamlete Bibi kwa gari lao kabla supu haijapoa. Wakifika, atakayeonekana ndiye hasa aliyemfikisha, gari ni lake. Wasipofika, kiwanda kinafungwa na uwanja unarudi kwa mabata.

Kila mmoja alilitaka gari lile kwa sababu yake. Bwana Kuwabara alitaka kulifungua lote, skrubu kwa skrubu, kwa kuwa ndani yake kulikuwa na kitu kinalia kwii, hajui ni nini, na usingizi ulikuwa umemtoka. Bwana Geng alitaka kupita nalo polepole mbele ya nyumba ya shemeji yake, aliyewahi kusema kwamba Geng hawezi kutengeneza hata toroli. Apite, ageuze, apite tena. Mama Luo alilitaka kwa sababu ya mgongo. Yeye alikaa kilimani na mama mkwe mwenye miguu mibovu na hamu nzima ya soko. Kila siku ya soko alimbeba, akashuka naye, akapanda naye, na mama mkwe huko juu anatoa maagizo: pita huku, simama hapa, matikiti hayo ni ya jana, mbona unahema.

Siku ya karamu wakaenda kumchukua Bibi Shao. Bibi akapanda nyuma na mtungi wake wa achari mapajani, akasema kiti ni laini.

Wakaondoka. Bwana Geng akakanyaga mafuta. Gari likaenda, likaenda, mara mbele mabata yametanda barabara nzima. Bwana Geng akasema mabata yana macho, yatapisha. Bwana Kuwabara hakungoja tafsiri, akakanyaga breki. Gari likasimama, achari ikamwagika kidogo. Mabata yakapita kwa raha zao. Yalipokwisha kupita, wote wakaona kilichokuwa nyuma yake. Mvua ilikuwa imekula nusu ya barabara, likabaki shimo la kumeza nyumba. Wakalizunguka taratibu.

Bwana Geng akakanyaga mafuta. Gari likaenda, likaenda, mpaka kwenye daraja la mbao. Walipolikanyaga tu, kitu kikalia kwii. Bwana Kuwabara uso ukamng'aa. Akainama, akaweka sikio sakafuni asikilize mlio wake vizuri, na miguu ikatoka kwenye breki. Lakini kilicholia safari hii ni daraja. Bwana Geng akatazama kwenye kioo, akaona mbao za nyuma zinadondoka mtoni, moja baada ya nyingine. Akakanyaga mafuta mpaka mwisho. Gari likaruka ng'ambo, daraja likabaki historia, na Bwana Kuwabara akapata nundu.

Bwana Geng akakanyaga mafuta. Gari likaenda, likaenda, mpaka kwenye njia panda. Njia ya kushoto na njia ya kulia zote zilifika kwenye uwanja wa karamu, hapakuwa na tofauti. Katikati ya njia hizo palikuwa na kibanda cha tambi, na mwenye kibanda amewapa mgongo, anakoroga sufuria. Bwana Kuwabara akavuta usukani kulia, upande wake. Bwana Geng akavuta kushoto, upande wake. Nguvu zikawa sawa, gari likanyooka kwenye sufuria. Bwana Kuwabara akaikumbuka breki, akakanyaga, nayo ilikuwa imelowa maji ya mto yaliyoruka mbao zilipodondoka, ikateleza tu. Bwana Geng akaondoa mguu kwenye mafuta, lakini pale ni mteremko.

Hapo Mama Luo akafanya jambo. Kwao Bwana Kuwabara mtu mwungwana akipishwa, naye hupisha. Ukimwambia pita wewe, atakwambia hapana, pita wewe. Mama Luo alilijua hilo tangu enzi za kupara samaki. Akamwinamia sikioni, akamwambia kwa Kijapani, "Bwana Geng anasema anakuachia. Anasema wewe ndiye mkubwa, tupite unakotaka."

Geng hakusema hivyo. Geng alikuwa anasema mambo ya mama wa watu.

Bwana Kuwabara akaona haya. Akauachia usukani wake palepale, akainamisha kichwa na kusema, "Hapana, ndugu yangu, nakuachia wewe." Usukani ukaelemea kushoto, gari likafuata kushoto, na muuza tambi hakujua kitu mpaka leo.

Wakafika uwanjani. Supu bado inatoa moshi.

Mkuu wa Mji akawaita mbele ya watu wote. Akasema kila mtu aeleze kwa nini gari liwe lake.

Bwana Geng akaanza. Akasema gari ni kwenda. Breki ukiikanyaga siku nzima hufiki popote. Kama si mguu wake, wangekuwa wamezifuata mbao za daraja mtoni, na Bibi angeketi karamuni na samaki. Watu wakaguna kukubali.

Ikaja zamu ya Bwana Kuwabara, na Mama Luo akatafsiri. Akasema kwenda hata jiwe likisukumwa linakwenda. Kama si mguu wake, wangekuwa shimoni na mabata yanawapigia makofi. Watu wakaguna kukubali. Kisha Bwana Kuwabara, kwa uungwana wake, akaongeza neno moja.

"Na kwenye njia panda, mbia wangu Geng aliponiachia njia, nami nikamwachia. Nataka nimshukuru mbele ya watu."

Mama Luo akamtazama Mkuu, akamtazama Geng.

Mkuu wa Mji hakujua Kijapani. Geng hakujua. Uwanja mzima hakuna aliyejua. Akilitafsiri neno lile kama lilivyo, Geng atasema hakumwachia mtu njia, na uongo wa mwaka mzima utakuwa hadharani. Akilipotosha kama alivyozoea, wabia wataendelea kupendana, naye atarudi kilimani na mama mkwe mgongoni, maana hakuna atakayejua kwamba alifanya chochote zaidi ya kukaa katikati.

"Amesema nini?" akauliza Mkuu.

Mama Luo akalitafsiri kama lilivyo.

Bwana Geng akatoa macho. "Nimwachie njia? Mimi? Nilikuwa namwita punda."

"Najua," akasema Mama Luo. "Mwaka mzima unamwita punda."

"Na yeye huniita ndugu yangu."

"Leo ndiyo mara ya kwanza. Kabla ya hapo ulikuwa mtu anayekimbizwa na nyuki."

Akamgeukia Bwana Kuwabara, akamweleza naye yote, punda na konokono. Kisha akamgeukia Mkuu, akasema ombi lake. Kwamba breki iliokoa mara moja, mafuta yaliokoa mara moja, na ulimi wake uliokoa kibanda cha tambi na watu wanne waliokuwa garini. Na kwamba bila ulimi huo gari lenyewe lisingekuwepo, maana hawa wangeachana wiki ya kwanza, kwenye mlango.

Mkuu akamwuliza kwa nini ameamua kusema kweli leo.

"Nimechoka, Mkuu," akasema Mama Luo. "Kweli ukiisema unakwenda kulala. Uongo inabidi kila asubuhi ukumbuke uliishia wapi, na huku wali unaungua."

Bwana Kuwabara akasimama. Bwana Geng akasimama. Huyu kwa Kijapani, yule kwa Kichina, wakasema jambo moja, kwamba mwanamke huyu apewe chochote ila si gari, kwani amewafanya wapumbavu mwaka mzima. Mama Luo akatafsiri huku na huku, neno kwa neno. Wakatazamana. Ilikuwa mara yao ya kwanza kukubaliana bila kudanganywa.

"Na hata akipewa," akasema Bwana Geng, "ataliendeshaje? Mafuta kushoto, breki kulia. Mtu mmoja hafikii."

"Mafuta nitakanyaga mimi," akasema Mama Luo. "Breki atakanyaga mama mkwe. Amenisimamisha miaka yote hii, kazi anaijua."

Watu wakacheka, Mkuu hakucheka. Alitazama mguu wa breki. Alitazama mguu wa mafuta. Alimtazama Mama Luo, aliyekuwa amejishika kiuno kama mtu aliyetoka sokoni. Breki peke yake isingefika. Mafuta peke yake yasingefika. Ulimi umefikisha, lakini ni ulimi wa uongo, na akiuzawadia mbele ya watu, kesho kila mtafsiri wa mji atataka gari. Akainua mkono wa kuamua, akaushusha. Akauinua tena, akaushusha.

Supu ikapoa. Bibi Shao alikuwa bado garini, kwa hiyo hakuna aliyechovya kijiko. Wakaenda kumwita. Akasema yeye hashuki, kiti ni laini, na mwenye gari akijulikana aje amrudishe nyumbani.

Basi mpaka sasa Bibi yumo ndani na mtungi wake, watu wana njaa, na wale watatu wamesimama mbele ya gari. Mmoja alisimamisha, mmoja alikimbiza, mmoja alidanganya. Semeni ninyi, na msemaji atoe sababu: je, nani alistahili?