Mwendo wa Tukuyu katika Joto la Kyela

Mtu mmoja alikuwa na binti, na alikuwa na kompyuta ya mezani. Jina lake Anyosisye, mkazi wa Kyela, kule bondeni ambako joto huingia nyumbani bila kupiga hodi. Kazi yake ilikuwa kupiga video za harusi na misiba, kisha kuzikata na kuziunga nyumbani kwake mpaka ziwe filamu. Ninawaambia ninyi watu wazima, maana watoto wangetaka kujua tu kompyuta ilikuwa na michezo gani. Na msikilize vizuri. Mfano huu nimeutoa kwenye vikao vya wazazi, nimeutoa kanisani siku mchungaji alipochelewa, na sijaona mtu akisinzia.

Mke wake, Tuntufye, aliifumia kompyuta ile kitambaa. Kwetu kitu cha heshima hakikai uchi. Kochi huvikwa, redio huvikwa, televisheni huvikwa hata kama imeharibika. Na kitambaa cha Tuntufye hakikuwa cha mchezo. Uzi mweupe na wa zambarau, maua ukingoni, kimeshuka mbele, nyuma na ubavuni mpaka kinagusa meza, na katikati ya maua limefumwa jina la binti yao, Ipyana. Alikifuma masika yote. Mgeni akiingia sebuleni mle alisalimia watu, akasifu kitambaa, ndipo akatafuta pa kukaa. Kompyuta yenyewe hakuna aliyeiona.

Ipyana akaposwa. Siku ya kikao cha ukoo, baba yake akasimama katikati ya watu, akasema filamu ya maisha ya mwanawe, tangu anabatizwa mpaka anachumbiwa, ataitengeneza kwa mkono wake mwenyewe, na wakwe wataitazama ukutani siku ya sherehe ya kumuaga. Watu wakapiga makofi. Kina mama wakapiga vigelegele. Tangu hapo neno lile halikuwa lake tena, lilikuwa la ukoo mzima. Asingelitimiza, aibu isingemwangukia yeye peke yake. Ingemfuata Ipyana mpaka kwa wakwe, na huko angeitwa binti wa yule mwenye mdomo.

Lakini kompyuta ilijikokota. Picha za zamani alizitoa kwenye kanda, za karibuni alizipiga kwa kamera mpya yenye picha nzito, na kuziunga zote pamoja, jambo ambalo mafundi wa video wanaliita kupika, kulikuwa kama kuchemsha maharage kwa moto wa karatasi. Akipika, anaona kosa. Akirekebisha kosa, inabidi apike upya. Kwa mwendo ule Ipyana angeagwa, angeolewa na angenyonyesha kabla filamu haijaiva.

Anyosisye alikuwa na mdogo wake, Lwitiko, aliyeishi Tukuyu, juu kule kwenye ukungu na mashamba ya chai, ambako mtu hunywa chai huku amevaa koti na hajioni wa ajabu. Naye alikuwa na kompyuta ya mezani ya aina ileile. Walizinunua pamoja, duka moja, kama mapacha. Lwitiko alikuwa amefungua mipangilio ile inayoonekana kabla kompyuta haijaamka sawasawa, akaipandisha prosesa, ambayo ndiyo ubongo wa mashine, ikaenda mbio kupita mwendo iliotoka nao kiwandani. Akaiongezea na volti, yaani nguvu ya umeme inayoilisha. Ikamkubalia. Tangu siku hiyo, akipiga simu, salamu ilikuwa fupi na sifa zilikuwa ndefu.

"Kaka, yangu inaruka," alisema. "Weka namba zangu zilezile, usiogope. Au huko Kyela mmezoea kutembea?"

Sasa hebu mwambie hivyo mkubwa wako, uone. Anyosisye hakuwahi kugusa mambo hayo hata siku moja, lakini alikata simu, akaketi, akaingiza namba za Lwitiko zote kwa mkupuo, mwendo na volti. Hakupanda ngazi, alirukia darini. Kompyuta ikaamka. Tena ikaamka vizuri, ikawa nyepesi kama imetoka kwenye boksi. Akamwita jirani yake, Mzee Mwaijande, aje ashuhudie. Akaanza kupika filamu. Na kwa kuwa mgeni amekuja na nyumba lazima ionekane, akachukua kitambaa akakirudisha mahali pake, akakinyoosha, jina la Ipyana likatazama mbele.

Feni ikaanza kulia kama mashine ya kukoboa mpunga. Kabla mtoto hajamaliza kubatizwa, kioo kikawa cheusi.

Akaiwasha tena. Ikazimika palepale kwenye ubatizo. Mzee Mwaijande akajikuna kidevu.

"Usijali, bwana," akasema. "Wakwe tutawaonyesha ukuta. Ukuta wako ni mzuri, umepakwa rangi juzi tu."

Maneno ya jirani yanauma, lakini huwa yanapoa. Kilichomchoma Anyosisye ni binti yake, aliyekuja baadaye na albamu kifuani, akamwambia kwa upole kwamba wanaweza tu kuwapitishia wakwe picha za karatasi, mkono kwa mkono. Hakulalamika. Alimhurumia baba yake, na baba yule angepewa nafasi ya kuchagua angechagua kutukanwa.

Siku zikasogea. Lwitiko akashuka kutoka Tukuyu kwa ajili ya maandalizi, akaingia mchana jua likiwa utosini. Alimkuta kaka yake amepiga magoti mbele ya kompyuta iliyozimika sasa hivi na safari hii imekataa kabisa kuamka. Kitambaa kilikuwa kimeifunika vizuri. Lwitiko akasimama mlangoni na koti lake zito na kofia ya sufu, jasho linamtiririka hadi shingoni, akaanza kumcheka mkubwa wake.

"Kaka, umeiua? Kitu kinachoruka kwangu, kwako kinakufa?"

Tuntufye akatoka jikoni na glasi ya maji, akamtazama, akasema neno ambalo kila mwanamke wa Kyela humwambia mgeni wa milimani.

"Vua koti kwanza, shemeji. Hapa si Tukuyu."

Lwitiko akavua koti. Akavua kofia, akaanza kujipepea nayo. Hata pumzi ya kucheka ikamwishia. Na Anyosisye, palepale alipopiga magoti, akamtazama mdogo wake anavyojipepea, kisha akaitazama kompyuta. Polepole akapitisha mkono chini ya maua ya zambarau, akauweka ubavuni mwa mashine. Akautoa haraka kama aliyegusa pasi.

Angesemaje? Kile kitambaa kilikuwa masika yote ya mke wake. Lakini Tuntufye alikuwa ameuona mkono ule ukiruka. Akaweka glasi chini. Uso ukambadilika kidogo, kama mtu anayeambiwa chakula chake kina chumvi mbele ya wageni, halafu akasogea mwenyewe, akakivua kitambaa, akakikunja mara mbili kwa uangalifu, akakipakata. Nyuma ya kompyuta matundu ya kupumulia yalikuwa yamezibwa na vumbi la pumba za mpunga, limeganda kama blanketi. Kitu kile walikivika, wakakisifu, na siku zote hizo kilikuwa kinakosa hewa.

Hapo ndipo Anyosisye alipoanza kujifunza. Ninasema kujifunza, maana mara ya kwanza ilikuwa kuiga.

Walichomoa waya wa umeme. Wakafungua ubavu wa kompyuta, wakafagia vumbi kwa brashi ndogo huku wamezuia feni isizunguke. Ndani, kwenye bodi, kuna betri ndogo ya mviringo kama kifungo cha shati. Ndiyo inayoshika kumbukumbu ya mipangilio. Wakaitoa, wakasubiri, wakairudisha. Na mashine ikasahau namba zote za Tukuyu, ikarudi kwenye mwendo ule iliozaliwa nao. Ilipoamka, Ipyana alipiga kelele mpaka kuku wakakimbia uani.

Lwitiko aliumia kidogo. "Namba zangu ni nzuri, kaka," alisema.

"Ni nzuri sana," Anyosisye akamjibu. "Kule."

Kati ya prosesa na feni yake hupakwa dawa ya kupitisha joto, na dawa ile ilikuwa imekauka kama uji uliosahaulika kwenye sufuria. Lwitiko alikuwa na bomba lake dogo la dawa hiyo kwenye mfuko wa koti. Kwa hiyo hata koti tusilidharau, lilikuja na kitu. Waliizima tena, wakafuta ile ya zamani, wakapaka mpya, kiasi cha punje ya choroko, wakafunga.

Kisha Anyosisye akapandisha mwendo ngazi moja. Moja tu. Hakugusa volti. Akaipa kompyuta kazi ngumu ya kuitoa jasho, na hakufanya hivyo asubuhi na mapema kukiwa na ubaridi, alifanya saa ambayo Kyela yote hukimbilia kivulini, kwa sababu mashine iliyojaribiwa penye ubaridi humdanganya mwenyewe. Akakaa mbele yake mchana kutwa, jicho kwenye kipimo cha joto na mkono ubavuni. Ilipostahimili mpaka jua linainama, kesho yake akapandisha ngazi nyingine. Akakaa tena. Mzee Mwaijande alipita akamuuliza kama anaangua mayai, na yeye akamjibu, "Ndiyo, mzee, karibu tuatamie wote."

Ikafika ngazi ambayo picha zilianza kutetemeka na kazi ikajifunga yenyewe. Lwitiko akamsogelea. Alikuwa ameshavaa shati jepesi la kaka yake, lakini kichwa bado kilikuwa cha Tukuyu.

"Iongezee volti kidogo tu, itatulia," akasema. "Umebakiza kidogo unifikie."

Jamani, hili ndilo jaribu lenyewe. Umebakiza kidogo unifikie. Anyosisye akalitazama lile neno kama mtu anayetazama sahani ya mwenzake. Halafu akashuka ngazi moja, mashine ikatulia. Akashuka nyingine tena, kwa ajili ya siku ambazo jua lingezidi. Akaiacha hapo: chini ya pale ilipoweza, juu ya pale ilipozoea. Siku hiyohiyo akaanza kupika filamu, na mchana wa pili ilikuwa imeiva, ubatizo, shule, kwaya, uchumba, yote, bila kioo kuwa cheusi hata mara moja.

Siku ya sherehe wakwe walijaa nyumbani kwa Anyosisye. Ukuta ulitumika, Mzee Mwaijande alipata alichokitabiri, isipokuwa safari hii ukuta ulikuwa unamwonyesha Ipyana mchanga analia maji ya ubatizo yakimgusa. Mama mkwe alifuta macho. Mbele ya bibi harusi kulikuwa na meza, na juu ya meza kitambaa cheupe na cha zambarau, jina limewaelekea wakwe, na pale hakikumnyima mtu yeyote hewa. Tuntufye alipita mara kadhaa kukinyoosha, ingawa hakikuwa kimekunjika. Kila alipopita aliinua kichwa, na alikuwa na haki.

Filamu ilipokwisha, Anyosisye aliitwa mbele. Alisimama kama mnara wa simu. Mzee mmoja upande wa wakwe, aliyekuwa amesikia habari zote, akapaza sauti akauliza, kati ya ndugu hawa wawili, kompyuta ya nani ina mwendo zaidi.

Anyosisye akafungua mdomo, lakini Lwitiko alimwahi.

"Yangu, baba," akasema. "Yangu inamwacha mbali. Ila sijawahi kuileta Kyela."

Watu wakacheka, wakapiga makofi, na ndugu wale wakakumbatiana mbele ya wakwe, kila mmoja amejaa fahari mpaka shingoni, na hakuna hata mmoja aliyekuwa amemdanganya mwenzake.

Mfano wangu umekwisha, na nimeutoa vizuri, mnajua wenyewe. Nawaona mnatazamana. Mnasema nyumbani kwetu hakuna kompyuta. Sawa. Lakini kuna mtoto, au mke, au mume, uliyemfumia sifa nzuri zenye maua ukingoni, ukamfunika nazo mbele ya wageni, kisha ukamwekea mwendo wa mtoto wa jirani. Basi niambie wewe, mbele ya hawa: mara ya mwisho uliweka lini mkono ubavuni mwake, ukasikia joto lake?