Mabawa Kwenye Bakuli

"Mfuga nyigu halambi asali." Nimewasikia mkimtania nayo Mdoe kwa sababu paka wake kamwibia samaki, mkacheka mpaka mbavu zikauma. Mnanitia hasira, wajukuu zangu. Mmeuliza imetoka wapi, basi kaeni chini. Imezaliwa hapahapa mlimani kwetu, na wa kwanza kuisema ni mama yangu, Namweri.

Marehemu baba alimwachia mizinga ya nyuki, imetundikwa mitini kando ya kijito. Shamba la maana hatukuwa nalo. Mizinga ile ndiyo iliyotulea.

Jirani yetu Shekigenda alilima kabichi. Siku moja alileta mbao kutoka bandarini, na katikati yake kimejibana kiota cha nyigu wa kigeni, ambao hatujapata kuwaona. Wakawala viwavi wa kabichi zake. Bwana yule alifurahi, akakitundika kile kiota shambani na kukiezekea majani ya mgomba kisinyeshewe.

Mama alimwendea kiota kikiwa bado kama ngumi.

"Shemeji, kichome hicho kabla hakijakua."

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," akajibu Shekigenda. "Kabichi zangu si zimepona?"

"Kwani mwenyeji ni wewe peke yako?"

Akamcheka. Wazee nao, waliokuwa wakila kabichi za bure, wakasema huyu mwanamke ana wivu tu. Wivu! Neno hilo linanichoma mpaka leo.

Nyigu hawakuishia kwenye viwavi. Walimaliza vipepeo, wakamaliza panzi na buibui. Ndege wakakosa cha kulisha makinda. Ndege wadogo waitwao chozi, waliojenga kwenye mdimu wetu, walihama, na makinda yao tukayaokota chini yamekufa. Kisha nyigu wakaigeukia mizinga. Walivizia mlangoni, kila nyuki anayetoka wanamkata kichwa. Mama alipambana nao kwa moshi hadi uso ukavimba, macho hayaonekani. Haikusaidia kitu.

Baridi ilipoingia, mtoto wa Shekigenda alishikwa na kikohozi kibaya. Baba mtu akaja kwetu na bakuli, hana hata haya, kuomba asali ya dawa.

Mama hakumtukana. Alimpeleka kijitoni, akafungua mzinga, akachota mabawa makavu ya nyuki kwa mikono miwili na kumjazia bakuli.

"Ningekuwa nayo ningempa mwanao, yeye hana kosa," alisema. "Wewe chukua ulichovuna. Mfuga nyigu halambi asali."

Mtoto alipona kwa tangawizi. Shekigenda alikichoma kiota jioni ileile, lakini vingine vilikwisha kujaa msituni, na vimo hadi sasa. Mama alikufa bila kurina asali tena, na hakuna aliyekuja kumwomba radhi.

Kwa hiyo mkiisema tena, msicheke. Mfuga nyigu halambi asali, wala jirani yake haonji.