Mfunga Mlango wa Ngarasi

Mbio za kundi humalizwa na wa mwisho. Maneno hayo mmeambiwa asubuhi hii, mkacheka, mkauliza tangu lini wa mwisho akamaliza kitu. Haya, nyosheni miguu niwaeleze. Methali hii hatukuirithi kwa watu wa kale. Ilizaliwa humu humu, katika Msitu wa Ngarasi, na aliyeitamka kwanza alikuwa anatetemeka.

Wakati huo kikundi hiki cha mbio kilikuwa na watu kumi na mmoja. Wengi walikuwa wametumwa na daktari: huyu presha, yule sukari, mwingine kitambi tu. Kila Jumamosi saa kumi na mbili na nusu asubuhi walikutana kwenye lango la hifadhi, wakasali, kisha wakaingia msituni kwa mstari mmoja, maana njia ni nyembamba na imejaa mizizi. Wa mbele alikuwa kapteni, Ngira, seremala mwenye miguu mirefu. Wa nyuma aliitwa mfunga mlango, na kazi yake ilikuwa moja tu: asimpite mtu. Hata mtu akienda mwendo wa kinyonga, yeye awe nyuma yake. Walipokezana kazi hiyo kila wiki, isipokuwa kapteni, na hakuna aliyeipenda.

Jumamosi moja ya mwezi wa saba zamu ilimwangukia Eliwaza, muuza mboga wa soko la chini. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka langoni.

"Dada Eliwaza," Ngira akamtania, "ukifunga mlango leo usilale humo ndani. Kesho ni ibada!"

"Kimbia wewe, miguu ya korongo. Na ukifika usimalize chai."

Mbele ya Eliwaza alikuwa jirani yake Ndekirwa, mwanamke mnene mwenye sukari, hii ikiwa wiki yake ya tatu. Eliwaza ndiye aliyemwombea ruhusa kwa mumewe. "Shemeji, mimi nitamwangalia," alimwambia. Kwa neno hilo tu yule bwana akakubali.

Kwenye njia panda walikuta tawi bichi, na majani yake, limelazwa katikati ya njia. Ngira aliliruka kama swala. Wa pili akaruka, wa tatu akaruka, wakawa wanashangiliana. Hata Ndekirwa aliinua mguu akalivuka, wakampigia makofi. Hakuna aliyejiuliza ni nani amelilaza pale.

Baada ya kijito, wale wengine wakiwa wameshapotelea ukunguni, Ndekirwa alisimama.

"Dada, nataka kuchimba dawa."

"Chimba, nakusubiri."

"Nichimbe unanitazama? Aibu gani hii! Tangulia, kata kona ile. Nakuja sasa hivi."

Eliwaza alisita. Lakini heshima ni heshima, naye hakutaka kumwaibisha mtu mzima. Akampita, akakata kona, akasimama.

Akasubiri. Akaita. Hakuna kilichojibu ila matone yaliyokuwa yakidondoka majanini. Akarudi mpaka pale walipoachana, hakuona mtu. Ndipo akakumbuka kuwa ipo njia ya mkato inayotokea karibu na lango, na waliochoka huishika hiyo. "Atakuwa ameshika ile," akajiambia. Aliamini kwa sababu alitaka kuamini. Akakimbia kushuka.

Langoni aliwakuta watu tisa wakinywa chai ya tangawizi. Ngira alikuwa anacheka kwa furaha: kwa mara ya kwanza walikuwa wamemaliza chini ya saa moja.

"Ndekirwa yuko wapi?" Eliwaza akauliza.

"Si ulikuwa naye wewe?"

Mzee Kivuyo, askari wa msitu, alikuwa anatoka kibandani. Alitazama viatu vyao vyenye tope jekundu, uso wake ukabadilika. "Mmepita njia ya mkuyuni? Nilifunga njia ile jana jioni! Nyati ameshuka na ndama. Nimelaza tawi pale njia panda, hamkuliona?"

Waliliona. Kila mmoja alikumbuka jinsi alivyoliruka.

"Tusiingie tena," Ngira akasema. "Mzee Kivuyo akamtafute. Sisi tumeshamaliza."

"Nani amemaliza?" Midomo ya Eliwaza ilikuwa inacheza. "Wewe umefika, Ngira, hujamaliza. Mbio za kundi humalizwa na wa mwisho, na wa mwisho wetu hayupo hapa."

"Mama, ngoja nichukue bunduki!" Kivuyo akapaza sauti. Lakini Eliwaza alikuwa ameshaingia ukunguni.

Hakukimbia. Aliogopa kishindo cha miguu yake kisije kikamzuia kusikia. Alitembea akiomba kimoyomoyo: Bwana, mimi ndiye niliyempita, usimdai yeye kosa langu. Kwenye kijito aliona kinyesi kinachofuka mvuke. Mbele kidogo ikamjia harufu nzito, kama ya zizi lililoloa. Akasimama.

"Dada." Sauti ilikuwa ndogo kama ya mgonjwa. "Usije."

Ndekirwa alikuwa amejibana juu ya shina la mkuyu ulioinama, kiatu kimoja hana, mguu umevimba. Chini yake palikuwa na kitu cheusi ambacho Eliwaza alidhani ni kichuguu. Kichuguu kikatikisa sikio.

Nyati aliinua pua. Ndama wake alikuwa amejificha ubavuni. 

"Rudi," Ndekirwa akanong'ona. "Niache, dada."

"Nimeshakuacha mara moja."

Nyati akapiga kwato chini, hatua moja, kisha ya pili. Wakati huo huo nyuma ya Eliwaza majani yakachakacha. Kivuyo alitokea na bunduki yake, na nyuma yake wote tisa, wameshikana mikono kama watoto wa chekechea, Ngira akiwa wa kwanza.

"Simameni pamoja," Kivuyo akasema polepole. "Msipige kelele. Ongeeni kawaida, ajue ni watu, asishtuke."

Waongee nini? Mmoja akaanza kutaja bei ya nyanya. Mwingine akasimulia mazoezi ya kwaya. Ngira, meno yakimgongana, alikuwa anahesabu mbao: "Mbili kwa nne, mbili kwa sita, mbili kwa sita..."

Nyati aliwasikiliza muda mrefu sana. Kisha akakoroma, akamgeuza ndama wake kwa pembe, na vichaka vikajifunga nyuma yao.

Walimteremsha Ndekirwa, akaeleza kwamba nyati alimkimbiza hadi mkuyuni, na Eliwaza alipoita aliogopa kujibu. Alikataa kubebwa, akatembea akichechemea, bega lake kwenye bega la Eliwaza, na wengine wote wakafuata mwendo wake. Ngira, ambaye tangu kikundi kianze hakuwahi kuona mgongo wa mtu, alikaa nyuma kabisa. Kila baada ya hatua chache aligeuka kutazama njia.

Jua lilikuwa limeshapanda walipofika langoni.

"Haya," Kivuyo akauliza, "sasa mmemaliza?"

Ngira alisimama kando ya lango. Aliwaacha wapite mmoja mmoja, akiwagusa mabega na kuwahesabu mpaka kumi. Kisha akavuka yeye, wa kumi na moja, akalivuta lango likafungika.

"Sasa ndiyo, mzee. Mbio za kundi humalizwa na wa mwisho."